Kabla Chila ya Kukodi Haijashushwa: Mtaiunganisha Wapi?

Chila, yaani mashine ya kupoza maji yanayozungushwa kwenye mabomba, inapokufa katika kiwanda cha huku kwetu Mtwara au Lindi, mteja hutupigia simu akiuliza kama tunayo nyingine ya kukodisha, nasi humuuliza ataiunganisha wapi kwenye mabomba yake. Mara nyingi hapo simu huwa kimya.

Maji baridi hutoka kwenye chila yakiwa na nyuzi 6 au 7 za Selsiasi na kurudi yakiwa na 12 hivi, na mashine ya muda haina budi kuingia katika mzunguko huohuo. Kinachohitajika ni matoleo mawili, yaani vipande vya bomba vya kuunganishia, moja kwenye bomba la kwenda na jingine kwenye la kurudi, kila moja likiwa na vali yake na flanji (kisahani cha kufungia kwa boliti) iliyozibwa, pamoja na vali za kuitenga chila mbovu. Yakichomelewa wakati wa matengenezo ya kawaida, mfumo ukiwa mtupu, kazi ni ndogo.

Kuna kiwanda kimoja Lindi ambako tulikuta vali ya zamani ambayo usukani wake ulizunguka hadi mwisho, lakini tulipolegeza boliti mbili maji yaliendelea kuchuruzika, meusi kwa kutu. Ilibidi tumwage maji yote pamoja na dawa yake, tuchomelee usiku kucha, huku lori lililoleta chila likihesabiwa malipo ya kusubiri. Zipo njia za kugandisha maji ndani ya bomba kwa naitrojeni ya kimiminika, au kulitoboa likiwa bado na presha, ila vifaa vyake sisi huviagiza Dar es Salaam, na waliokwama mvua zilipoikata barabara ya kutoka huko pale Somanga mwezi Mei 2024 hawahitaji kuelezwa zaidi.

Ukubwa wa mpira wa maji unaoiunganisha chila na matoleo hayo nao haukisiwi kwa macho. Chila ya kilowati 350 huhitaji takriban lita 17 za maji kwa sekunde; mpira wa inchi 4 utayapitisha kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde, jambo linalovumilika kwa umbali mfupi, lakini chila ikiwekwa nje ya uzio sisi hufunga inchi 6 ili pampu isielemewe. Kabla ya kufungulia maji tunaisuuza mipira, tunaweka chujio na kutoa hewa. Kwa unyevu wa pwani yetu, mpira usiovikwa sponji ya kuzuia joto hutoka jasho mchana kutwa na kulowesha sakafu, wakati mwingine hadi chini ya paneli ya umeme.

Ukitaka tukukadirie gharama, tutumie picha za chumba cha pampu na kipimo cha bomba: lizungushie uzi, upime uzi huo, kisha utuandikie urefu wake. Tafadhali ivue sponji kwanza, maana tumewahi kupokea kipimo cha sponji.