Barua kwa rafiki: mtoto anapoyaona masomo mepesi mno

Kwako rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Uliniuliza ufanye nini na mwanao anayeyaona masomo mepesi mno, na kama inafaa arushwe darasa. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilitaka kwanza nionane na mwalimu wa darasa wa binti yangu, nikuandikie niliyoyashuhudia.

Naye, kama mwanao, alikuwa akimaliza hesabu kabla wenzake hawajafika nusu, kisha anakaa tu akichora pembeni mwa daftari. Alama zake zilikuwa nzuri, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanzia, kwa kuwa mtoto anayepata kila jibu bila kufikiri hazoei kukosea, na siku akikutana na swali gumu hukata tamaa upesi.

Sikwenda na lawama. Nilibeba madaftari yake ya wiki tatu, nikayafungua mbele ya mwalimu, nikamwuliza yeye anaonaje. Alinisikiliza vizuri, ingawa darasa lake ni kubwa na wamo ambao bado wanahangaika na kujumlisha. Alipendekeza amwongezee maswali, ishirini badala ya kumi. Hapo nilikataa kwa upole, nami nakusihi nawe ukatae, kwa maana kurudiarudia jambo analolijua ni kumwadhibu mtoto kwa kumaliza mapema. Tulikubaliana ayaruke yale mepesi, apewe machache yanayomtaka aeleze njia aliyoitumia, atafute njia ya pili, au atunge swali lake mwenyewe. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyefariki mwaka 1934, alishikilia kwamba mafundisho yafaayo ni yale yanayoutangulia ukuaji wa mtoto, yaani yanayomfikisha pale ambapo peke yake hajafika lakini akiongozwa anafika.

Kuhusu kumrusha darasa, usiharakishe. Omba kwanza apimwe somo kwa somo, maana anaweza kuwa mbele katika hesabu na akawa sawa na wenzake katika kuandika.

Baada ya kikao nilimwandikia mwalimu barua fupi ya shukrani, nikataja tuliyokubaliana pamoja na siku ya kuonana tena, ili jambo hili lisisahauliwe katikati ya shughuli zake nyingi.

Juzi binti yangu alirudi na swali lililomshinda. Alilifuta mara mbili, akakasirika, akakataa nisimsaidie, na asubuhi aliamka mapema kulirudia. Sijamwona hivyo tangu aanze shule.

Niandikie utakapopangiwa siku ya kuonana na mwalimu.

Wako akupendaye