Paa la daraja si la msafiri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nirekebishe maelezo ya picha mliyoitoa wiki iliyopita, ile ya daraja jekundu la mbao lenye paa huko Vermont, Marekani. Mliandika kwamba paa liliwekwa ili wasafiri wasilowe na theluji isizibe njia. Mimi ni seremala, nimeranda mbao miaka 38, na Oktoba iliyopita binti yangu anayeishi huko alinizungusha kwa gari siku mbili kuyaona madaraja hayo. Vermont peke yake ina kama 100 yaliyobaki.

Tuanze na hiyo theluji. Zama za farasi, majira ya baridi watu walisafiri kwa magari ya kuteleza yasiyo na magurudumu. Wakifika darajani wanakwama, maana sakafu ni kavu. Basi alilipwa mtu achote theluji nje na kuimwaga ndani ya daraja!

Anayekingwa ni mbao. Kinachobeba mzigo ni mbavu za daraja, zile kuta mbili za boriti zilizofungamana kulia na kushoto. Maji ya mvua yakiingia kwenye maungio hayatoki, na boriti huanza kuoza kutokea ndani. Daraja lisiloezekwa lilidumu miaka 10 hadi 20 hivi. Likiezekwa na mbavu zikafunikwa kwa mbao za nje, linapita karne. Sakafu ikichakaa unabandua ubao na kupigilia mwingine. Mbavu zikioza huna daraja.

Tulipoondoka Woodstock kuelekea mashariki kwa barabara namba 4, majani ya miti yamewaka nyekundu na njano kando ya mto, tukasimama Taftsville. Daraja lile ni la mwaka 1836. Nilitembea ndani nikigonga boriti kwa kifundo cha kidole, moja baada ya nyingine. Mbao mbovu hutoa sauti ya kufifia, fundi yeyote anaijua. Nilizozigonga mimi zililia kavu, na rangi yake ilishakuwa ya tumbaku. Binti yangu akaniita, "Baba, toka, gari linataka kupita." Njia ni moja tu, mkikutana mmoja anasubiri.

Kubwa zaidi tuliloliona ni la Windsor, juu ya mto Connecticut: karibu mita 137, la mwaka 1866. Ng'ambo yake ni Cornish, jimbo la New Hampshire, na mpaka unapita ukingoni upande wa Vermont, kwa hiyo ukiingia tu darajani umeshahama jimbo. Juu ya mlango kuna bango linaloamuru farasi watembezwe polepole, la sivyo faini dola 2. Mwenzangu mmoja alidhani ni mzaha wa watalii. Si mzaha: kwato zikidunda kwa mpigo mmoja, daraja zima hutikisika. Ushuru wa kuvuka ulitozwa pale hadi mwaka 1943.

Nakiri paa haliwezi kila kitu. Mafuriko ya kimbunga Irene, Agosti 2011, yalilibeba daraja la Bartonsville lililojengwa mwaka 1870. Maji yalilishambulia kwa chini, na huko paa halina msaada. Wangeweza kuweka zege wakamaliza. Walijenga tena la mbao, kwa kimiani kilekile cha mbao zilizopishana mshazari, likafunguliwa mwaka 2013. Kule nilikaa karibu saa nzima nikitazama zinapokutana. Vigingi vya mbao vya unene wa mpini wa jembe vimepita katikati na kuzibana. Binti yangu alishachoka, akanisubiri garini.

Adui mwingine ni dereva wa lori asiyesoma bango la kimo cha gari kinachoruhusiwa kupita. Daraja la Miller's Run, mjini Lyndon, limegongwa hivyo mara nyingi. Hatukufika huko, na labda heri, maana ningesema maneno yasiyofaa mbele ya mtoto.

Picha yenu ilikuwa nzuri, lakini ilionyesha paa na majani ya miti tu. Mkitoa nyingine, mpiga picha aingie ndani, ainue kamera kwenye mbavu.

Seremala mstaafu