Ukumbi wa visukuku na madini uanzie Wazo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo mjadala wa mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria wa kale, huliruka kila unapofufuka. Tunabishana kuhusu mifupa iliyoko Berlin irudi au isirudi, ilhali mnyama huyo, aliyechimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, ana kimo cha zaidi ya meta 13, na sijasikia anayeuliza angesimamishwa katika ukumbi gani, wala kando yake kungewekwa nini.

Kwa maoni yangu, ukumbi wa visukuku na madini hapa Dar es Salaam uanze na mawe ya jiji lenyewe. Mtoto wa Tegeta anayeona vumbi la kilima cha Wazo kila siku apewe kipande cha chokaa ile ile inayosagwa kuwa saruji, akipapase, aone alama za matumbawe, ndipo aelezwe kwamba kilima kile kilikuwa chini ya bahari. Kando yake uwekwe udongo mweupe wa Pugu. Akishazoea kulisoma jiwe la nyumbani, hata ya Lindi na Mererani yatamwingia.

Tanzanaiti, kito cha Mererani, isiwekwe kama pete dukani. Wengi wetu tunaijua ya buluu tu, kumbe mara nyingi hutoka ardhini ikiwa na rangi ya kahawia na hugeuka kwa kupashwa moto; basi vipande vyote viwili vikae pamoja, juu ya kibao kinachozunguka, kwa sababu rangi yake hubadilika kulingana na upande unaoitazama.

Kuhusu Tendaguru, hatuna haja ya kusubiri meli. Nakala ya plasta ya mfupa mmoja wa paja ingetosha kuanzia, mradi maelezo yatangulie kwa Kiswahili na jina la Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, liandikwe kwa herufi zenye ukubwa sawa na za Janensch, Mjerumani aliyeongoza uchimbaji huo.

Lipo pia suala la hewa yetu ya pwani, ambalo wapangaji hulikumbuka wakiwa wamechelewa. Pairiti, jiwe linalong'aa kama dhahabu, huoza na kuwa unga wenye asidi likikaa kwenye unyevu, na visukuku vingi vina chembe zake ndani. Kwa hiyo kabati zisizopitisha hewa ziingizwe katika bajeti kabla ya marumaru za sakafu.

Mwalimu mstaafu wa jiografia,
Tegeta, Dar es Salaam