Boti zipunguze mwendo karibu na visiwa

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba kuweka kikomo cha spidi kwa boti zinazopeleka watu visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni kuwaua kibiashara vijana waliojiajiri. Nimeisoma barua yake yote na kuna sehemu namuelewa kabisa, mafuta yako juu, mteja kashalipa anataka afike mapema, halafu mtu akiwa yuko katikati ya maji peke yake hamna chombo kingine karibu, hata akikimbia anamuumiza nani? Hapo sina ugomvi naye. Ila pale aliposema bahari haina barabara kwa hiyo nahodha aachiwe aamue mwenyewe, hapana ndugu yangu, hapo umetuacha njiani sisi wengine tunaoyatumia maji hayo hayo.

Hebu tuangalie wikiendi au sikukuu ya Idd pale ufukwe wa Mbudya unaoangalia bara. Kuna familia zimeingia majini, watoto wamevalishwa maboya, wengine wamevaa miwani ya kuzamia wako kichwa chini wanaangalia matumbawe hata hawajui juu kunaendelea nini, ngalawa za wavuvi zinakatiza kurudi Kunduchi, boti za abiria zinaingia na kutoka, na siku hizi jetski nazo zimo humo humo. Maji yakiwa ya bamvua, yale ya mwezi mchanga au mpevu, na yamekupwa, hapa kwetu yanashuka zaidi ya mita 3, ile sehemu ya kuogelea inasogea mbele kule kule boti zinakopita, kwa hiyo wote tunabanana kwenye kipande kidogo. Hiyo ndiyo bahari "kubwa" tunayoambiwa inatosha kila mtu.

Sasa boti ikiwa inakwenda noti 20 (noti ni kipimo cha spidi baharini, 20 ni kama kilomita 37 kwa saa), ambayo wala siyo spidi ya ajabu kwa boti ya faiba yenye injini nzuri, kila sekunde inakula mita 10 hivi. Maana yake muogeleaji aliye mita 50 mbele ana sekunde 5 tu, na hapo nahodha awe amemuona, wakati kichwa cha mtu kwenye maji yenye mawimbi na jua la saa tisa linalowaka machoni hakionekani kirahisi, tena boti ikianza kuchanganya pua inanyanyuka juu na kumziba kabisa kuona mbele. Boti haina breki jamani. Na spidi ikizidi mara mbili nguvu ya kugonga inazidi mara nne, mtu asidhani noti 10 na noti 20 tofauti yake ni ndogo.

Kuna hoja moja manahodha wanaipenda, kwamba ukipunguza mwendo ndiyo mawimbi ya boti yanakuwa makubwa. Ni kweli kabisa, na naisema wazi kwa sababu wengi wanaotetea kikomo wanaikwepa. Boti ikiwa imekolea inateleza juu ya maji na haichimbi sana, ukiipunguza nusu nusu ndiyo inakaa kitako, inaburuza maji mengi na kutoa wimbi zito linaloweza kujaza maji kwenye mtumbwi wa mtu. Lakini jibu lake siyo kupita kwa kasi, jibu ni kupunguza mapema ukiwa bado mbali na kushuka kabisa hadi mwendo wa taratibu, huo ambao boti inatembea tu na usukani unashika. Kupunguza kidogo mlangoni mwa kisiwa ndiyo mbaya kuliko vyote.

Wenzetu wa kwenye maziwa ya starehe walishabishana haya miaka na miaka. Ziwa Windermere kule England waliweka kikomo cha noti 10 ziwa zima, kikaanza kutumika 2005 baada ya wenye boti za kasi kupewa miaka mitano ya kujipanga, na walipiga kelele sana kwamba biashara zao zinakufa. Marekani nako, jimbo la New Hampshire, kwenye Ziwa Winnipesaukee waliweka maili 45 kwa saa mchana na 30 usiku, wakaanza na majaribio 2009 na mwaka 2010 ikawa sheria ya kudumu. Ila mimi kilichonivutia zaidi kwa hao wa New Hampshire ni kanuni yao nyingine, kwamba ukifika ndani ya futi 150, kama mita 46 hivi, kutoka kwa muogeleaji, chombo kingine, gati au ufukwe, unashuka hadi mwendo wa taratibu usiozidi maili 6 kwa saa. Waliokuwa wanapinga kikomo cha spidi walikuwa wanasema hii ya umbali inatosha yenyewe.

Na mimi kwa Dar naona tuanze na hiyo ya umbali. Namba tupu ya noti nani ataipima? Mvuvi wa ngalawa hana kifaa cha kupimia spidi, mama aliyekaa ufukweni na wanae hana, lakini boya kila mtu analiona. Pangeni maboya kuzunguka sehemu za kuogelea na njia za kuingilia, ukivuka boya uwe umeshapunguza, asiyepunguza kila mtu kamuona na ushahidi upo. Nje ya maboya kimbia salama, abiria wako wamevaa jaketi okozi, nakutakia safari njema. Hata hapa mjini barabarani tumeshazoea, ukiingia kwenye makazi ni 50 na mbele ukipata kibao unaendelea, na daladala hazijafa kwa sababu hiyo.

Tena visiwa hivi siyo vya kuogelea tu. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975, kuna matumbawe na kuna kasa wanaokuja juu kuvuta pumzi, na kasa naye hana namna ya kuruka pembeni propela ikimfikia.

Kuhusu muda, ukipunguza mita 200 za mwisho unapoteza kama dakika moja hivi. Dakika moja! Mteja gani atakataa kwenda Bongoyo kwa ajili ya dakika moja? Kinachoua biashara ni ajali, siku mtalii au mtoto wa mtu akikatwa na propela boti zote zitasimamishwa, zile za waungwana na za wakorofi.

Kwa hiyo naomba TASAC wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini, watu wa Hifadhi za Bahari, BMU (vikundi vya kusimamia fukwe na uvuvi) za Kunduchi na Msasani na wenye boti wenyewe wakae meza moja kabla ya Desemba, wavuvi wa ngalawa wapewe nafasi ya kusema maboya yakae wapi kwa sababu wao ndio wanaijua mikondo na njia za maji yakikupwa. Na huyo msomaji mwenzangu, kama ana boti kweli, namuomba aende kwenye hicho kikao na kuwapa uzoefu wake.

Msomaji wako,
Kunduchi, Dar es Salaam