Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kusawazisha Sauti ya Maktaba Yetu

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka. Mambo ya fedha yamo kwenye taarifa ya mweka hazina, nayo mmeshagawiwa, sitayarudia. Nafasi hii naitumia kueleza kazi iliyotushughulisha kuliko zote, yaani kusawazisha sauti ya maktaba yetu ya muziki ya kidijitali ili nyimbo zote zisikike kwa ukubwa unaolingana, kwa kuwa bado wapo wenzetu wanaouliza kwa nini tumeifanya kwa namna hii.

Malalamiko mliyoyaleta yalikuwa ya haki. Tunatunza dansi iliyotolewa kwenye mikanda na santuri, kuanzia NUTA Jazz hadi Mlimani Park. Tunatunza taarabu za kaseti. Na tunazo Bongo Fleva na singeli zilizozaliwa ndani ya kompyuta. Ukizipanga pamoja kwenye shughuli, singeli ikiingia baada ya dansi watu wanaziba masikio. Ikirudi dansi, wazee wanauliza kama sabufa imezimwa. Mwenzetu mmoja anashinda kando ya mashine akipandisha na kushusha sauti, hachezi wala hasikilizi.

Wapo waliopendekeza kila wimbo upandishwe mpaka kilele chake, yaani pale sauti inapopanda juu kabisa, kifike mwisho unaobebwa na faili. Hilo halisaidii, maana kilele ni mdundo wa nukta moja tu, na sikio linapima nguvu ya wimbo mzima. Nyimbo mbili zinaweza kuwa na kilele kilekile, moja ikasikika kubwa maradufu ya nyingine. Ndiyo maana tulichagua kupima kwa LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia, kinachotokana na kanuni ya BS.1770 iliyotolewa na ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, mwaka 2006. Watangazaji wa Ulaya waliifanya msingi wa kanuni yao ya R128 mwaka 2010, kwa lengo la LUFS -23; kadiri namba inavyokaribia sifuri, ndivyo sauti inavyokuwa kubwa. Sisi tumefuata -18, lengo la toleo la pili la ReplayGain, mfumo wa kusawazisha sauti za nyimbo ambao David Robinson aliupendekeza mwaka 2001.

Chukueni singeli inayopima -8: inashushwa desibeli 10. Dansi inayopima -20 inahitaji kupanda desibeli 2; lakini ikiwa kilele chake kimebakiza desibeli 1 tu kufika mwisho, tunaipandisha 1 na kuishia hapo. Zaidi ya hapo tarumbeta zitakwaruza. Kazi kubwa, basi, ni kushusha zilizo kubwa.

Jambo ambalo Kamati ililisimamia kwa nguvu, nami nalisimamia tena hapa, ni kwamba sauti iliyomo kwenye mafaili ya asili haiguswi. Kiasi cha kupandisha au kushusha kinaandikwa kwenye lebo ya faili, yaani sehemu ya maelezo kama jina la wimbo na la mwimbaji, na programu ya kuchezea ndiyo inayotii. Tena ni kiasi kimoja kwa wimbo mzima. Dansi letu huanza kwa utulivu, mwimbaji akisimulia kisa chake, halafu linaingia chemko, sehemu ya kuchezea, na magitaa yanafunguka. Mashine zinazobana sauti kila sekunde zingeusawazisha mwanzo na chemko, na wimbo ungekufa. Kwa sababu hiyohiyo, albamu nzima ikichezwa kwa mpangilio wake tunatumia kiasi cha albamu, ili wimbo uliorekodiwa kwa upole ubaki mpole mbele ya wenzake. Kiasi cha wimbo mmoja mmoja ni cha orodha mchanganyiko.

Rekodi za mono, yaani za chaneli moja ya sauti, zilitusumbua. Nyingi za zamani ni za namna hiyo, na ikipimwa chaneli moja, rekodi husomeka desibeli 3 chini ya inavyosomeka ikinakiliwa kwenye chaneli mbili. Matokeo yake inapandishwa kupita kiasi, kwa kuwa inapochezwa inatoka spika zote mbili. Kuanzia sasa mono zote zipimwe kama chaneli mbili. Waliopima kabla ya uamuzi huu naomba warudie, na nawashukuru mapema kwa uvumilivu.

Radio nyingi za magari na spika za kuchomeka flashi hazisomi lebo hizi. Kwa matumizi hayo tengenezeni nakala ya pembeni, muibadilishe kwa programu ya mp3gain, inayosogeza sauti ya faili la MP3 kwa hatua za desibeli 1.5 bila kulibana faili upya na kupunguza ubora wake, na inaweza kurudishwa ilivyokuwa. Nakala hiyo isirudishwe kwenye maktaba.

Uandikishaji wa wanachama wapya unaendelea, na katibu ana fomu.

Kazi ya mwaka ujao ni taarabu. Kaseti nyingi zina mvumo, na tukipandisha sauti tunaupandisha na mvumo wenyewe, kwa hiyo kila kaseti italazimika kusikilizwa na mtu kabla ya kuandikiwa lebo. Kamati inahitaji wasikilizaji wenye subira na wanaozijua nyimbo hizo. Walio tayari, kutoka Temeke, Kinondoni, Ilala, Ubungo au Kigamboni, wajiandikishe kwa katibu kabla ya mkutano huu kufungwa.

Mwenyekiti