Mtuambie muda wa safari, si umbali wa ndege peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lenu niseme kuhusu hizi tiketi za ndege maana watu wa kwetu wanaumia kweli. Ukiuliza kwenye simu Mombasa mpaka Zanzibar ni mbali kiasi gani unaambiwa kilomita kama 245, hata saa haiishi ushafika. Hesabu yenyewe sipingi, lakini huo ni mstari ulonyooka kutoka uwanja wa Moi hadi uwanja wa Abeid Amani Karume, na siku ambayo hakuna ndege ya moja kwa moja haukusaidii kitu. Unapelekwa Nairobi kwanza, kilomita 420 hivi kuelekea bara, halafu unateremshwa tena kama 600 mpaka Zanzibar, jumla inapita 1,000, zaidi ya mara nne ya umbali wa kweli, na bado hujahesabu masaa ya kukaa JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, kungoja ndege ya pili.

Shangazi yangu wa Likoni alifiwa na dadake Unguja. Wakala alomkatia tiketi alimwambia ni safari fupi tu mama, saa moja na kitu. Nairobi ilikuwa imeandikwa kwa herufi ndogo sana chini ya saa ya kuondoka, na mtu kafiwa, macho yamejaa machozi, ataiona vipi? Alivuka feri alfajiri, akafika Unguja usiku, wameshazika. Angeambiwa mapema angewapigia simu wamngoje au ajue mapema kwamba hawahi.

Hata hiyo ya Nairobi peke yake watu hawaelezwi sawasawa. Angani ni kama dakika 45, lakini kwenye tiketi utakuta kama saa nzima, kwa sababu tiketi inahesabu tangu ndege inapoondoka pale ilipoegeshwa hadi inaposimama kule. Halafu ndege hutua ikitazama upepo, na sisi watu wa pwani twajua kusi na kaskazi zinavyogeuka, kwa hivyo kuna siku inazunguka kwanza ndio iingie uwanjani. Ongeza kufika uwanjani masaa mawili kabla, ongeza foleni ya feri kwa sisi wa Likoni (barabara ya Dongo Kundu imesaidia wenye gari, asiye na gari bado ni feri na matatu), hapo utajua kwa nini mtu wa Likoni anaondoka kwake asubuhi na anaingia mjini Nairobi mchana.

Kwa hivyo mhariri, mkitoa matangazo ya safari waambieni hao wanaotangaza waandike ndege inapitia wapi na jumla ya masaa mpaka kufika, kwa herufi kubwa kama ile bei. Na mawakala wa hapa mjini, mteja akikwambia anaenda mazikoni, msomee tiketi yote kabla hujapokea pesa yake.

Msomaji wenu,
Likoni, Mombasa