Yah: Malalamiko kuhusu kompyuta mliyoiongeza kasi kisha mkaikatalia waranti

Sinza, Dar es Salaam
4 Machi 2024

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Rejea ankara yenu ya Novemba 2023 na kadi ya matengenezo niliyokabidhiwa wiki iliyopita.

Nimeamua kuandika badala ya kurudi kaunta kwa sababu ya maneno ambayo fundi wenu ameyaandika kwenye kadi hiyo: "Prosesa imeovaklokiwa na mteja. Waranti haihusiki." Kuovakloki ni kuilazimisha prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta, iende kasi kuliko ilivyopangwa kiwandani. Ankara yenu wenyewe ina mstari unaosomeka "Ovakloki hadi 5.1 GHz – Sh. 150,000". Nililipa, na risiti ya EFD ninayo. Iweje kazi mliyoifanya ninyi, juu ya meza yenu, kwa bei mliyoipanga wenyewe, igeuke kuwa kosa la mteja siku mashine inapoanza kusumbua?

Mimi nahariri video za harusi, send-off na kitchen party. Kazi yangu haina mambo ya michezo ya kompyuta. Nataka mashine inayoweza kurenda, yaani kutengeneza faili la mwisho la video, saa nzima bila kuyumba, maana bibi harusi hataki kusikia habari za prosesa. Ndiyo maana nilikubali ushauri wa muuzaji wenu nichukue prosesa ya Intel Core i5-12600K na madabodi (ubao mkuu) ya Z690, nikalipia na kuongezewa kasi, nikihakikishiwa kwamba "kipoza kinatosha na kubaki". Kwenye ankara kipoza, yaani kifaa cha kuondoa joto la prosesa, kimeandikwa hivi: cha mnara, mabomba sita ya shaba, feni mbili.

Kasha mliloniuzia lina kioo ubavuni, kwa hiyo sikuhitaji bisibisi wala kugusa stika yenu ya waranti ili kuona kilichomo. Hakuna mnara. Juu ya prosesa kuna kipoza kidogo cha duara, cheusi, chenye pete ya bluu, kimeshikwa na vipini vinne vya plastiki vya kubonyeza. Kila fundi wa kompyuta anakijua: ni Laminar RM1, kinachokuja bure ndani ya boksi la i5-12400 na wenzake wa wati 65. Prosesa za Intel zenye herufi K mwishoni haziji na kipoza chochote, na sababu inajulikana, kwamba mnunuzi anategemewa kuweka kikubwa. 12600K ni ya wati 125 kwa kazi ya kawaida, na kiwanda kinairuhusu kufika 150. Hata kabla hamjaigusa, kipoza hicho hakikuwa saizi yake. Feni za rangirangi za mbele mliziweka zote, hilo nakiri, na zinawaka vizuri sana.

Fundi wenu alinieleza kwamba tatizo ni joto la Dar. Naomba tulimalize hilo. Kipoza hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba, kwa hiyo ni kweli kwamba chumba cha nyuzi 31 kinaiongezea prosesa nyuzi kama kumi ukilinganisha na chumba cha nyuzi 21. Lakini niliwasha kiyoyozi hadi chumba kikatulia kwenye nyuzi 24, nikaendesha Cinebench R23, programu inayoipa prosesa mzigo kamili kwa kuichoresha picha, huku HWiNFO, inayoonyesha joto na kasi, ikiwa wazi pembeni. Kabla hata picha ya kwanza haijakamilika prosesa ilishagonga nyuzi 100, ambayo ndiyo kikomo chake kilichowekwa na Intel, na kuanzia hapo ikaanza kujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. 5.1 GHz niliiona kwa kufumba na kufumbua. Ikashuka 4.6, ikashuka 4.1, ikatulia kati ya 3.8 na 3.9. Huko ndiko inakokaa muda wote ninaporenda, na mara nyingine haikai: inazima ghafla, na faili la harusi linabaki nusu.

Kisha nikaingia BIOS, sehemu ya mipangilio ya msingi ya kompyuta. Nilikuta profaili mliyoihifadhi kwa jina GAMING 5.1, volti zimefungwa kwenye 1.40 bila kubadilika. Hapo ndipo nilipoelewa mchezo mzima. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda sambamba na kasi, ila kwa upande wa volti hupanda kwa mraba wake. Kwa mipangilio ya kiwandani chipu yangu inaomba takriban volti 1.25 ikiwa na kazi nzito. Kuitoa hapo hadi 1.40 peke yake ni ongezeko la asilimia 25. Ukizidisha na kasi kutoka 4.5, ambayo ndiyo kasi ya kiwanda kwa koa kubwa zote (viini vya prosesa vinavyofanya kazi nzito) kwa pamoja, hadi 5.1, unapata ongezeko la asilimia 42 hivi. Joto lote hilo mmeliachia kipoza cha wati 65. Ni sawa na kulifungia lori la tani kumi breki za bajaji.

Tena volti zikifungwa namna hiyo, hata prosesa inapojipunguzia kasi hadi 3.8 inaendelea kulishwa 1.40 ileile. Inaenda polepole na bado inaungua. Nikahifadhi picha za mipangilio yenu, nikarudisha ya kiwandani, nikarudia jaribio lilelile kwa kipoza kilekile. Bado ilikuwa moto, nyuzi 97, lakini kasi ilitulia kwenye 4.2, haikuzima, na video iliyokuwa ikinikwamia ikamaliza mapema. Ndugu Meneja, naomba mstari huu usomwe na aliyeandika ankara: kwa shilingi 150,000 mliniuzia kasi iliyo ndogo kuliko ile niliyokuwa nayo bure.

Chipu hazifanani hata zikitoka kiwanda kimoja wiki moja. Moja inafika 5.1 kwa volti 1.30, nyingine haifiki hata kwa 1.40, ndiyo maana anayeongeza kasi kwa uaminifu hupanda kidogo kidogo, anaijaribu kila hatua chini ya mzigo, anaangalia joto, anarudi nyuma inapobidi. Profaili yenye jina la GAMING kwenye mashine ya mhariri wa video inanipa picha kwamba ni mipangilio mnayomwekea kila mteja, kisha mnawasha, ikifungua Windows mnafunga boksi. Kama mlifanya majaribio, nionyesheni matokeo yake.

Ushauri niliopewa kaunta siku ile ni kwamba nivue kioo cha ubavuni na nielekeze feni ya kusimama. Mashine ya bei ile, pembezoni mwa barabara yenye vumbi la Sinza, iishi uchi. Sikujua nicheke au nilie.

Kuhusu waranti, najua Intel hawalipii prosesa iliyoharibika kwa kuendeshwa nje ya vipimo vyake, na ule mpango wao wa kinga waliokuwa wakiwauzia watu wanaoongeza kasi waliusitisha mwaka 2021. Hiyo ndiyo sababu suala la nani aliiovakloki ni zito. Mkiandika kwamba ni mteja, mmenibebesha hasara yote ya chipu iliyokaa kwenye nyuzi 100 na volti 1.40 kwa miezi, nami sikuwahi kuingia BIOS hadi nilipokuwa natafuta chanzo cha tatizo mliloniletea.

Ninachotaka ni hiki. Maneno yaliyo kwenye kadi ya matengenezo yafutwe, na niandikiwe kwa muhuri wenu kwamba ovakloki ilifanywa na duka. Kipoza nilicholipia kifungwe, kwa pesti mpya, na mnara uwe ule ulioandikwa kwenye ankara, sio "unaofanana nao". Sh. 150,000 zirudishwe. Baada ya kipoza kufungwa, prosesa ijaribiwe nikiwepo kwa mipangilio ya kiwandani, nusu saa ya mzigo kamili. Ikishindwa kushika 4.5 GHz au ikizima, mnibadilishie kwa gharama yenu. Sihitaji tena 5.1.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitaipeleka pamoja na viambatisho vyake Tume ya Ushindani, kwa sababu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayouziwa, na kuandika mnara halafu kufunga kipoza cha bure sijui kunaitwaje kama si hivyo. Muuzaji wenu ana namba yangu ya simu. Mchana napatikana, Ijumaa jioni hadi Jumapili niko ukumbini na kamera, sitapokea.

Wako,

Mteja mwenye ankara iliyoambatishwa

Viambatisho: nakala ya ankara na risiti ya EFD, nakala ya kadi ya matengenezo, picha ya kipoza kupitia kioo cha kasha, picha za BIOS na za HWiNFO kabla na baada ya kurudisha mipangilio ya kiwandani.